Bunduki Yenye Chale Ishirini na Tisa

Alkhamis, 22 Mei 2025. Ibra.

Leo baba kaniambia anataka bunduki. Kasema hivi hivi, kama mtu anayeomba chai, na mkononi ana kipande cha mkate. Ana miaka themanini na saba. Nikamuuliza ya nini. Kasema mwanangu Adil anaoa mwezi wa saba, na yeye Musabbah, babu yake, hataki tena kusimama kwenye razha na bakora.

Razha ni ile safu ya wanaume wanaoimba kwenye harusi na Idi, kila mwenye nyumba na bunduki yake begani. Nyingi ni za kale, hazijalenga kitu tangu enzi za babu zao, lakini zimo mikononi. Baba alifika hapa kutoka Unguja mwaka wa sabini, kwenye mji wa babu zake Waarabu, na tangu siku hiyo amesimama kwenye safu na bakora. Watu hawamwambii kitu. Kunyamaza kwao nako ni maneno.

Nimemwambia nitafikiri. Uongo. Nilishafikiri, na jibu ni hapana. Marehemu mama, tangu ile Januari ya sitini na nne, alikuwa mlango ukigongwa kwa nguvu anaacha sufuria motoni na kuketi chini. Nimelelewa katika nyumba ambayo neno bunduki halitajwi. Ni mama huyo huyo aliyenifundisha kuandika Kiswahili, ndiyo maana daftari hili ni lake kwa lugha. Na faida nyingine ni kuwa wanangu hawawezi kulisoma.

Jumapili, 25 Mei

Baba hali vizuri. Ananuna kwa adabu, ndiyo kununa kubaya kuliko kote.

Ijumaa, 30 Mei. Nizwa.

Nimeshindwa, tumekwenda kumtafutia baba bunduki. Adil aliendesha, tukazunguka kupitia Bidbid kwa sababu yeye barabara kuu tu ndiyo anayoiita barabara. Ni Ijumaa ya mwisho kabla ya Idi, na mnada wa Nizwa ulikuwa umefurika. Mbuzi wanazungushwa uwanjani, watu wanawashika migongo wakiwa mbioni, vumbi mpaka kwenye meno. Pembeni, kwenye ukuta, wauza bunduki wamekaa kimya kama watu wasiouza.

Baba alikataa tano. Moja ilikuwa na mtutu uliopinda, moja ilikuwa mpya iliyozeeshwa kwa moshi, tatu hazikumpendeza tu. Kisha mtu mmoja akatusikia tunasema Kiswahili. Anaitwa Hamoud, mama yake ni wa Pemba, ana kiduka kwenye uchochoro wa nyuma. Akatuambia, "Njooni nyinyi jamaa zangu, hii siitoi nje." Akafungua busati.

Nilikuwa nimejiandaa kuichukia. Sikutegemea nilichokiona. Ni ndefu, inanifika kifuani, ya mbao nyekundu iliyoiva kwa mikono ya watu, na mtutu umevishwa pete za fedha iliyopiga weusi. Watu wa hapa aina hii wanaiita sam'a. Ubavuni pamechongwa taji la malkia wa Kiingereza na mwaka 1886. Iliundwa kwa ajili ya askari wao, wakachoka nayo, wakaiuza kama tunavyouza nguo za watoto zilizowabana, na bahari ikaileta huku. Babu yangu alikuwa hajazaliwa. Chini ya kifyatulio pana mkono wa chuma. Baba akauvuta, tumbo la bunduki likafunguka, akaurudisha likafunga. Sauti ilikuwa moja tu, nzito na safi. Miaka mia na thelathini na tisa, na bado inafunga kama mlango wa benki. Nilisema Subhanallah kwa sauti, nikaona haya.

Mikono ya baba, ambayo asubuhi inashindwa kushika kikombe, ilikuwa imetulia.

Ndipo Hamoud akaharibu. Akageuza kitako upande wa kulia, kulikochanjwa chale ndogo ndogo kwenye mbao, zimepangwa safu kwa safu. "Hesabu hizo, bibie. Kila chale mtu. Hii imefanya kazi milimani."

Baba akaiweka chini polepole. Nikadhani yamekwisha. Lakini akauliza bei, wakavutana, wakakubaliana. Bei sitaiandika, ikisomwa nikishakufa watasema nilikuwa na wazimu. Bila kibali cha polisi haitoki dukani, kwa hiyo tumerudi mikono mitupu, Adil na karatasi zake za maombi.

Garini nikamuuliza baba kama alisikia aliyosema Hamoud. "Wauzaji husema," akanijibu. "Husema ili wapandishe."

Ijumaa, 6 Juni. Idi.

Baada ya sala wanaume walisimama razha kwenye uwanja wa chini. Sisi wanawake tulitazama kutoka juu ya ukuta. Baba alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Kila safu ilipoinua bunduki, yeye aliinua bakora yake juu kabisa, kuliko wote. Nimemwona akifanya hivyo tangu nina akili zangu, na siku zote nilidhani ni furaha ya Idi. Leo sikuwa na hakika.

Jumatano, 11 Juni

Joto digrii arubaini na saba. Kibali bado.

Alkhamis, 19 Juni

Kibali kimetoka. Adil ameifuata Nizwa na kuileta imefungwa shuka. Baba amekaa nayo sebuleni tangu adhuhuri, haiweki chini, haifanyi kitu.

Mwanamboka, anayetusaidia nyumbani, mtu wa Tanga mwenye macho makali, aliingia na fagio akaziona chale. Akahesabu kwa kidole, bila kugusa. "Ishirini na tisa, mama. Mimi chumba hiki sifagii." Nikamwambia ni maneno ya muuzaji tu. Akanijibu, "Basi mama afagie." Nikafagia. Nilifagia kwa kuzunguka, karibu na ukuta.

Jumapili, 22 Juni

Tabsil, kazi ya kuchemsha tende, imeanza. Tende zetu za aina ya mabsli zimekatwa zikiwa za manjano, na leo tumewasha moto chini ya masufuria makubwa ya shaba. Zinachemka mpaka zinalegea, kisha zinaanikwa juani siku tano, sita. Jikoni na uani kunanuka sukari na moshi. Ni kazi ninayoipenda kuliko zote za mwaka, lakini mwaka huu nachemsha tende huku nafikiria watu ishirini na tisa. Walikuwa na mama zao. Adil wangu atatoka nyumbani siku ya harusi nyuma ya kitu hicho.

Nimemwambia baba hivyo. Akasema, "Mie nimefikiri hayo kabla yako." Nikamwambia basi airudishe. Akaichukua akaiweka magotini.

Jumanne, 24 Juni

Nimefanya kosa, na nimemwomba baba radhi, na sijui kama ni kosa.

Leo tulisugua masufuria. Mama alinifundisha kusugua shaba kama walivyofanya Unguja: ndimu iliyokatwa, majivu, na nguvu ya bega. Hakuna shaba inayobaki nyeusi mbele yangu, hata majirani huniletea zao. Tulipomaliza, mikono bado ina majivu, nikapita sebuleni. Baba amelala. Bunduki iko mkekani. Chini ya kitako pana kibati kidogo, cheusi tititi, kimekaa hapo kama uchafu. Sikufikiri. Nikakisugua.

Mwanamboka alisimama mlangoni na sufuria mkononi. "Mama, hiyo si sufuria."

Anayejua vitu vya kale angelia. Weusi ule ndio umri wake, Hamoud aliutaja mara tatu tulipokuwa tunavutana bei. Lakini ndimu ilishaingia, na shaba ikaanza kung'aa, na kwenye kung'aa kule yakatokea maandishi. Ni ya Kiarabu, yamechongwa na mtu mwenye mkono mzuri. Nikaita Adil. Akasoma: Hud bin Hamood. Tiwi. 1351.

Kwa hesabu za Wazungu ni 1932. Nilikuwa nimepiga magoti na ndimu mkononi, nikahisi mtu kaingia chumbani. Mpaka dakika ile ilikuwa chuma cha malkia na chale za kutisha. Sasa ilikuwa ya bwana mmoja mwenye baba na mji.

Baba alipoamka nikamwonesha. Nikangoja anigombeze. Alikisoma kibati mara mbili, akaniambia, "Sasa siwezi kusimama nayo. Mtu habebi jina la mwenzake begani bila ruhusa. Na kama ni muuaji, nataka niambiwe na watu wake, si na Hamoud muuzaji."

Alkhamis, 26 Juni

Adil ana mwenzake kazini kule Sur ambaye ni mtu wa Tiwi. Amempigia. Tiwi si kubwa. Hud amekufa zamani, lakini ana binti, Bi Kuruthum, yuko hai, anaishi na mwanawe. Tutakwenda Ijumaa ya wiki ijayo, tende zikishakauka.

Jumatatu, 30 Juni

Upepo wa vumbi. Tumefunika tende, tumefunua, tumefunika.

Baba ameacha kula tena, ila safari hii hanuni. Anaogopa. Nilikuwa sijawahi kumwona baba anaogopa kitu, nami nimekaa naye miaka hamsini na tatu.

Ijumaa, 4 Julai. Tiwi.

Ni usiku nimeshafika nyumbani, lakini nikilala bila kuandika nitapoteza kitu.

Tulifika Tiwi baada ya sala ya Ijumaa. Nyumba ni ya bluu, karibu na mdomo wa wadi, lile bonde la mto, magari ya watalii yamejaa njiani. Mtoto wa Bi Kuruthum anaitwa Hamood kwa jina la baba wa Hud, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe. Alitupokea kama walivyo watu wa pwani ile: kahawa, tende, kisha kahawa, na habari za mvua na maradhi na safari. Bunduki ilibaki kwenye shuka karibu na goti la baba. Hakuna aliyeitazama na kila mtu aliiona. Bi Kuruthum ni mwembamba, miaka themanini na mbili, ana sauti kubwa kuliko mwili wake. Hajui Kiswahili, tulisema Kiarabu, nami naandika nilivyosikia.

Kahawa ilipokwisha baba akasema, "Nimenunua kitu Nizwa chenye jina la baba yako. Sikujua. Nimekuja kuuliza kama naweza kukibeba." Akaifunua.

Bi Kuruthum hakuishika. Aliinama akaitazama kutoka mtutuni mpaka kitakoni, kama mtu anayemtazama mgeni aliyelala. Akasema ndugu yake aliiuza mwaka aliokwenda kutafuta kazi Kuwait, na kwamba hakumsemesha ndugu huyo kwa miaka miwili.

Baba akamuuliza. "Na hizi chale, bibi? Aliyeniuzia anasema ni watu."

"Ni watu," Bi Kuruthum akasema.

Adil alitazama chini. Mimi nilitazama mlango.

"Ni watu wa hapa," akaendelea. "Baba yangu hakuua mtu. Hata mbuzi wa Idi alikuwa akimwita jirani amchinjie. Yeye ndiye aliyekuwa na bunduki inayosikika mpaka juu kwenye mashamba ya wadi. Mwanamke akizaa mtoto wa kiume, wanakuja kumwita baba, anapiga moja, wanaume kule juu wanajua mtoto kafika salama. Akirudi anakata chale. Hii hapa ni mtoto wa mwalimu. Hii ni yule aliyekuwa nahodha wa Sur. Hawa wawili ni pacha, ndiyo maana zimegusana." Alikuwa ameshaanza kuzigusa, moja moja, anazitaja majina. Akafika ya kumi na saba, akasema huyu yuko msikitini sasa hivi, mkingoja kidogo atapita.

Sijui nitaandikaje. Kwa wiki mbili nilizunguka kitu hicho kwa fagio kama kaburi. Nilikuwa nimepiga hesabu ya mama ishirini na tisa wanaolia. Kumbe walikuwa watoto ishirini na tisa waliozaliwa salama. Nilimtazama baba, machozi yanashuka kwenye ndevu wala hayafuti.

Kisha Bi Kuruthum akauliza, "Na yangu iko wapi?"

Hatukumwelewa. Hamood akasema kwa upole, mama, hizo ni za wavulana. Akamkatiza. "Baba alinipigia. Watu walimcheka mpaka anakufa, Hud aliyepoteza risasi kwa msichana. Aliniambia ameikata. Nilikuwa mdogo, bunduki iko juu ukutani, na baadaye ikauzwa. Sijaiona mpaka leo. Geuzeni."

Baba akaigeuza upande wa kushoto. Sote tulikuwa tumepaona pale. Palikuwa na mkwaruzo mmoja, peke yake, tukadhani bunduki iligonga kitu. Baba akainua kitako mpaka shavuni kwake, kama anayelenga. Halafu akasema, taratibu, "Iko hapa. Ukilenga, ndiyo inayogusa shavu."

Bi Kuruthum akaweka kidole gumba chake pale. Nimewahi kusimama mbele ya Kaaba, na Mungu anisamehe, leo nilihisi jambo linalofanana na lile.

Baba aliichukua bunduki kwa mikono miwili akamlazia Bi Kuruthum mapajani. Hamood akaanza kusema watalipa, baba akainua mkono, hapana. Nami, niseme kweli, niliumia. Mimi niliyeikataa tangu mwanzo, nilitaka kuruka niichukue. Nilimwona baba anakwenda kwenye harusi ya mjukuu wake bila kitu, na anakwenda mwenyewe kwa hiari.

Tukala chakula. Samaki, wali, bunduki mapajani mwa bibi mzee, anakula kwa mkono mmoja. Tulipoaga ndipo aliposema. "Bwana Musabbah, hapa kwangu itatundikwa. Hamood ataipiga picha, watoto wake wataipiga picha. Bunduki ya baba yangu haikuwa pambo la ukutani. Kwenu kuna harusi, na penye harusi patazaliwa. Ichukue. Ila msiishie kukata upande mmoja."

Hamood hakufurahi. Lakini ndiye aliyeibeba mpaka garini.

Jumamosi, 5 Julai

Mwanamboka amefagia sebule. Amepita mpaka chini ya bunduki, amemwambia kila mmoja wa ishirini na tisa hongera.

Jumatatu, 14 Julai

Baba anafanya mazoezi. Asubuhi anainua mara kumi, jioni mara kumi, anahema kama fundi wa mbao. Nikimwambia apumzike ananiambia nikaangalie tende zangu.

Tende zimekauka vizuri. Mwaka huu ni nyekundu kuliko mwaka jana.

Jumamosi, 19 Julai

Hamoud wa Nizwa amempa Adil ganda moja la baruti tupu, halina risasi, kwa ajili ya siku ile. Moja tu ndilo alilokuwa nalo la aina hiyo. Adil amemweleza habari ya chale. Anasema Hamoud alimjibu kuwa angejua angetaja bei nyingine. Muuzaji ni muuzaji.

Ijumaa, 25 Julai

Adil ameoa.

Razha ilianza baada ya alasiri, jua bado kali. Baba alisimama safu ya mbele, si wa tatu kutoka mwisho. Mzee wa safu, ambaye kwa miaka hamsini na tano hajamsemesha baba ila salamu, aliitazama sam'a, akaisoma shaba, akasogea kidogo kumpa nafasi. Safu iliinua, baba akainua. Mikono ilitetemeka lakini haikushuka, wimbo mzima haikushuka. Nilikuwa juu ya ukuta na wanawake nikashindwa kupiga vigelegele. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa leso.

Wimbo ulipokwisha mzee wa safu akampa ishara. Baba akavuta ule mkono wa chuma, akatia ganda, akaelekeza juu, akapiga. Ibra yote ilisikia. Njiwa waliondoka kwenye ngome. Nilitegemea nitaketi chini kama mama. Sikuketi. Wanaume wakapiga kelele za furaha, wakamwambia Adil, hiyo yako, bwana harusi, babu yako kakupigia.

Nilishuka kumpelekea baba maji. Alikuwa amekaa kwenye kiti kivulini, bunduki magotini, uso umejaa moshi. Nikamwambia kwamba Adil amefurahi sana kwa heshima ile.

"Haikuwa ya Adil," akasema.

Nikampa maji.

"Ulipozaliwa, nyumba yetu ilikuwa ile pale nyuma ya msikiti. Nilikwenda kwa jirani kuomba bunduki nipige moja, mama yako amejifungua salama. Akaniuliza, mtoto gani? Nikamwambia ni msichana. Akacheka." Akanywa maji, akafuta mdomo. "Na mie nikacheka naye, Maulida. Nilikuwa mgeni. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama yako kwamba bunduki ilikuwa mbovu."

Akatoa kisu kidogo mfukoni, akageuza kitako upande wa kushoto, akaniambia nishike, mkono wake hautulii. Nikapiga magoti mchangani na nguo yangu ya harusi, nikashika. Aliweka ncha ya kisu karibu na alama ya Bi Kuruthum, akaanza kukata.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na lililotoka ni moja. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akasema, bila kuinua macho, akaendelea kukata.